Gemu Zabaki Dukani, Filamu Zaondoka

Ijumaa ya tarehe 18 Julai 2025, Microsoft iliweka tangazo fupi kwenye ukurasa wake wa huduma kwa wateja. Kuanzia siku hiyo haiuzi wala haikodishi tena filamu na vipindi vya televisheni, iwe kwenye tovuti yake, kwenye duka lililomo ndani ya kompyuta za Windows, au kwenye duka la mashine za gemu za Xbox. Wateja hawakupewa muda wa kujiandaa, wala hapakuwa na punguzo la kumaliza mali iliyobaki. Aliyeingia jioni kutafuta filamu ya kutazama na familia alikuta gemu zimejaa kama kawaida, na upande wa filamu hauna cha kununua.

Waliokwisha kununua waliambiwa mali yao ipo, na wataendelea kuitazama kwa programu ya Movies & TV kwenye Xbox na Windows. Kurudishiwa fedha, hapana. Kuhamishia filamu kwenye huduma nyingine, hapana pia, isipokuwa kwa wateja wa Marekani wenye akaunti ya Movies Anywhere, na hata hao si kwa kila filamu. Anayetaka kitu kipya aende kwa Amazon, kwa Apple au kwa mwingine yeyote.

Wanaofuatilia biashara hii hawakushtuka. Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, lilifunga sehemu yake ya filamu mwaka 2019. Sony ikaacha kuuza filamu kwenye duka la PlayStation tarehe 31 Agosti 2021. Microsoft ilikuwa ya kwanza kati ya hao watatu kuingia, na ndiyo iliyotoka mwisho. Kinachostahili kuangaliwa sasa ni hali ya wateja walioachwa nyuma, kwa sababu katika historia fupi ya maduka haya, siku ya kufunga mauzo haijawahi kuwa ndiyo siku ya hasara. Hasara huja baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Mambo yalianza tarehe 22 Novemba 2006, Xbox 360 ilipokuwa inatimiza mwaka mmoja sokoni Marekani. Siku hiyo Microsoft ilifungua sehemu ya video katika duka lake la Xbox Live, ikiwa na mali kutoka Paramount, Warner Bros., CBS, MTV na Turner. Lilikuwa jambo jipya: kabla ya hapo hapakuwa na mashine ya gemu iliyomwezesha mtu kupakua filamu ya ubora wa juu akiwa amekaa kwenye kochi lake, bila kuwasha kompyuta.

Masharti yake leo yanachekesha kidogo. Mteja hakulipa dola moja kwa moja. Alinunua kwanza pointi, 80 kwa dola moja, kisha akazitumia dukani. Vipindi vya televisheni viliuzwa, lakini filamu zilikuwa za kukodi tu. Aliyekodi alikuwa na siku 14 za kuanza kutazama, na akishabonyeza kitufe cha kuanzisha, saa 24 zilianza kuhesabika. Zikiisha, filamu ilifutika hata kama mtoto alilia na mama mwenye nyumba hakuona mwisho. Mashine ya bei ya juu ilikuja na diski ya gigabaiti 20, sehemu yake ikiwa imeshachukuliwa na mfumo wenyewe, na filamu moja ya ubora wa juu ilikula gigabaiti kadhaa. Kwa intaneti ya nyumbani ya miaka ile, filamu ya usiku ilibidi iagizwe mchana.

Watu walivumilia, na Microsoft haikuwa inawaza faida ya dola mbili tatu za kila filamu. Ilikuwa inawania sebule.

Vita hivyo vilikuwa na umri wa miaka sita tayari. Machi 2000, Sony ilipoanza kuuza PlayStation 2 huko Japani kwa yeni 39,800, mashine hiyo ilikuwa na uwezo wa kucheza DVD, wakati ambapo deki za DVD zenyewe bado zilikuwa ghali. Wajapani wengi waliinunua kwa ajili ya filamu kwanza, gemu baadaye. Sony ilijifunza somo hilo vizuri. Novemba 2006 ikaleta PlayStation 3 yenye kisomeo cha Blu-ray ndani yake, na Microsoft ikajibu mwezi huohuo kwa kuuza kisomeo cha nje cha mfumo wa HD DVD kwa dola 199. Toshiba, mwenye HD DVD, alisalimu amri Februari 2008. Miezi mitano baadaye, Julai 2008, Sony nayo ikafungua duka la filamu za kupakua ndani ya PlayStation 3.

Kwa hiyo filamu haikuingia kwenye maduka ya gemu kwa mapenzi ya sinema. Iliitwa ili kumshawishi baba mwenye pochi kwamba kisanduku kile cheusi chini ya televisheni si cha watoto peke yao. Ilikuwa hoja ya kuuzia mashine, na hoja ya kuuzia mashine huachwa pindi inapopoteza nguvu.

Iliipoteza haraka kuliko walivyodhani, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni tabia ya filamu yenyewe. Gemu iliyotengenezwa kwa Xbox peke yake huwezi kuicheza mahali pengine. Ndiyo inayomfunga mteja kwenye mashine. Filamu ni ileile kila duka. Apple ilianza kuuza filamu kupitia iTunes Septemba 2006, na mwezi huohuo Amazon ikafungua huduma yake ya kupakua. Filamu ya Paramount iliyokuwa kwa Microsoft ilikuwa pia kwa hao, kwa bei inayokaribiana, na ukiinunua kwao uliweza kuitazama kwenye simu, kompyuta, baadaye televisheni ya aina yoyote. Ukiinunua kwenye PlayStation, ulibaki na vifaa vya Sony. Mwenye duka la gemu alikuwa anashindana bila silaha aliyoizoea.

Sababu ya pili ilikaribishwa na wenye maduka wenyewe. Novemba 2008 Netflix iliingia kwenye Xbox 360, mwaka uliofuata ikaingia PlayStation 3, na mwaka 2010 ikafika Nintendo Wii. Kwa ada moja ya mwezi mtu alitazama alichotaka, akaacha alichochoka nacho katikati bila kujuta. Microsoft ilikuwa na hesabu yake hapo: anayetaka Netflix kwenye Xbox ilimlazimu kwanza awe mwanachama wa Xbox Live Gold, uanachama ambao wakati ule uligharimu dola 50 kwa mwaka. Yaani Microsoft ilitoza kiingilio mlangoni kwa bidhaa ya mtu mwingine, sharti ambalo iliendelea nalo hadi katikati ya 2014. Kiingilio hicho kilikuwa na faida safi kuliko kugombania bei na Apple kwa kila filamu. Kufikia Machi 2012 kampuni hiyo ilikuwa inajisifu kwamba wanachama wa Gold nchini Marekani wanatumia saa nyingi zaidi kwenye filamu, televisheni na muziki kuliko kucheza gemu na wenzao mtandaoni.

Takwimu hiyo, naona, ndiyo iliyowapotosha. Walioisoma pale Redmond, makao makuu ya Microsoft, walidhani wateja wao wamegeuka kuwa watazamaji wa Xbox, kumbe walikuwa watazamaji wa Netflix waliotokea kuwa na Xbox.

Tarehe 21 Mei 2013, Microsoft ilipoizindua Xbox One, neno televisheni lilitajwa mara nyingi kiasi kwamba watu walikata vipande vya hotuba zile na kuviunganisha kuwa video ya kuchekesha. Steven Spielberg alitokea kwenye skrini kutangaza mfululizo wa televisheni wa Halo. Kampuni ilikuwa imemchukua Nancy Tellem, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa CBS, aongoze studio mpya ya vipindi. Mashine ikatoka kwa dola 499 pamoja na kamera ya Kinect. Sony ikauza PlayStation 4 kwa dola 399 na kuhubiri gemu tu. Wacheza gemu walichagua. Julai 2014, katika wimbi la kupunguza wafanyakazi 18,000, Microsoft ilitangaza kuifunga studio ya Tellem. Iliacha kazi chache, mojawapo ikiwa filamu ya hali halisi kuhusu jalala la Alamogordo, New Mexico, ambako Atari ilizika kaseti za gemu zilizokosa wanunuzi mwaka 1983. Ni vigumu kubuni kejeli kama hiyo.

Sony nayo ilionja. Machi 2015 ilitoa Powers, mfululizo wa askari wanaofuatilia wahalifu wenye nguvu za ajabu, uliotengenezwa na kampuni yake ya filamu na kuonyeshwa kwenye mtandao wa PlayStation. Ulidumu misimu miwili tu, mwaka 2016 ukakatwa.

Njia ya Steam ilikuwa tofauti, na kwa mtazamo wangu ndiyo iliyokuwa ya kweli zaidi. Valve, kampuni yenye duka hilo, haina sebule ya kuitetea kwa kiasi hicho. Wateja wake wako mezani mbele ya kompyuta. Filamu ya kwanza iliyovuma pale ilikuwa Indie Game: The Movie ya mwaka 2012, kazi ya Wakanada wawili, Lisanne Pajot na James Swirsky, waliowafuata watengenezaji wa gemu wanaofanya kazi peke yao au wawili wawili, wakiwa na madeni na usingizi mchache. Iliuzwa mahali ambapo gemu zilizozungumzwa ndani yake zilikuwa zinauzwa. Hiyo inaeleweka. Mwaka 2014 Valve yenyewe ilitoa bure filamu ya Free to Play, juu ya vijana watatu wanaoshindania zawadi kubwa ya gemu ya Dota 2.

Kisha tamaa ikaingia. Mwaka 2015 filamu za Mad Max ziliwekwa Steam sambamba na gemu yenye jina hilo. Aprili 2016 studio ya Lionsgate ikaleta filamu zaidi ya 100 za kukodi, zikiwamo The Hunger Games, Twilight na Saw, kwa saa 48. Ghafla duka la gemu likawa na mapenzi ya wanyonya damu kwenye rafu. Mtu aliyefungua Steam kutafuta gemu ya vita hakuona sababu ya kukodi Twilight pale, wakati anayo programu nyingine ya filamu kwenye kompyuta hiyohiyo, na pengine hakujua hata kama zipo.

Februari 2019 Valve ilisema imeangalia ni video zipi ambazo wateja wake hutazama hasa, na imeamua kubaki na zile zinazohusu gemu au zinazoambatana na programu inazouza. Sehemu ya video ikaondolewa kwenye menyu, nyingine zote zikaacha kuuzwa. Waliokwisha kununua waliachiwa walichonunua.

Sony ilitoa maelezo yanayofanana Machi 2021 kupitia Vanessa Lee, mkuu wa biashara ya video ya PlayStation. Alieleza kwamba wateja wamehamia kwa wingi kwenye huduma za usajili na zile za bure zenye matangazo, kwa hiyo kuanzia 31 Agosti kununua na kukodi kutakoma. Naye akaahidi: mlichonunua mtaendelea kukitazama kwenye PlayStation 4, PlayStation 5 na simu zenu.

Ahadi hiyo ilidumu mwaka mmoja kamili nchini Ujerumani na Austria. Katikati ya 2022 wateja wa huko walifungua ukurasa wa Sony wakakuta maelezo mafupi: kutokana na mabadiliko ya mikataba ya leseni, kuanzia tarehe 31 Agosti 2022 hawataweza tena kutazama filamu za StudioCanal walizozinunua, nazo zitaondolewa kwenye maktaba zao za video. Chini yake ikafuata orodha ndefu ya majina yaliyopangwa kwa alfabeti. Ujerumani yalikuwa 314, Austria 137. La La Land ilikuwamo, John Wick pia, na Paddington, yule dubu wa watoto. Ukurasa ulimalizika kwa shukrani. Fidia haikutajwa.

Kwa nini Ujerumani na si Marekani, wakati La La Land ni filamu ya Kimarekani? Kwa sababu haki za filamu hukatwa vipande kwa nchi, kwa lugha na kwa miaka. Marekani La La Land ilisambazwa na Lionsgate. Ujerumani haki zilishikwa na StudioCanal, kampuni ya Wafaransa iliyo chini ya Canal+. Duka linapouza filamu mtandaoni halina bidhaa yake lenyewe. Lina mkataba na mwenye haki wa nchi ile, unaoliruhusu kuweka faili kwenye seva na kutoa ufunguo kila mteja anapobonyeza kitufe. Faili imefungwa kwa msimbo. Hata ukiwa umeipakua kwenye diski yako, bila ufunguo ni gigabaiti za takataka. Na ufunguo huo mteja hakuwahi kuuziwa. Aliuziwa ruhusa ya kuomba apewe.

Hapo ndipo kufunga mauzo kunapogeuka kuwa hatari. Duka likiwa bado linauza, kila mkataba unapokaribia kwisha kuna sababu ya kukaa mezani: kuna mauzo ya kesho ya kugawana, na maktaba za wateja wa zamani hubebwa humohumo. Mauzo yakisimama, meza inabaki na gharama peke yake, yaani seva, wanasheria na wahudumu wa simu, kwa ajili ya watu ambao hawatalipa tena hata senti. Mwenye duka anafanana na mwenye ghala aliyeacha biashara ya nafaka lakini bado ameshika funguo za magunia ya watu. Anaweza kuwa muungwana. Lakini ni uungwana wake tu unaotegemewa.

Kesi kubwa zaidi ilikuja mwanzoni mwa Disemba 2023. Sony iliwaarifu wateja kwamba ifikapo tarehe 31 mwezi huo, vipindi vyote vya Discovery walivyonunua vitafutwa kwenye maktaba zao. Safari hii orodha ilihesabika kwa misimu, nayo ilizidi 1,300. Humo mlikuwa na MythBusters, Deadliest Catch ya wavuvi wa kaa wa Alaska, na mlolongo wa vipindi vya mapishi, mabibi harusi na mauaji, vile ambavyo mtu hununua msimu baada ya msimu kwa miaka. Discovery ilikuwa imeungana na WarnerMedia Aprili 2022 na kuwa Warner Bros. Discovery, kampuni yenye huduma yake ya usajili ya kuijaza.

Ujerumani na Austria kelele zilikuwa za mahali pamoja. Hii ilifika Marekani, ikaingia magazeti makubwa, na watu waliokuwa hawajawahi kugusa pedi ya PlayStation wakaanza kuuliza juu ya vitabu vyao vya Kindle na muziki wao wa iTunes. Kabla ya Krismasi Sony ilibadilisha tangazo: makubaliano mapya yamefikiwa, vipindi havitaondolewa kwa angalau miezi 30. Wengi waliisoma kama ushindi na kufunga mjadala. Miezi 30 kutoka Disemba 2023 inaishia katikati ya 2026.

Sony hiyohiyo ilikuwa na jambo lingine mkononi. Kupitia Crunchyroll iliyoinunua mwaka 2021, ilikuwa imeunganisha huduma mbili za katuni za Kijapani, na Aprili 2024 ikaizima ya zamani, Funimation. Kwa miaka, walionunua diski za Funimation walikuta ndani ya boksi karatasi yenye namba ya kuingizia nakala ya mtandaoni kwenye akaunti. Nakala hizo hazikuhamishwa. Diski, bila shaka, zilibaki kabatini zikicheza kama siku zote.

Ili kuwatendea haki, zipo njia za kuondoka vizuri. Microsoft yenyewe ilionyesha mojawapo mwaka 2019, ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Vitabu vilizimwa Julai mwaka huo, lakini kila aliyenunua alirudishiwa fedha zake, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Vitabu vile havikuwa na wanunuzi wengi, kwa hiyo uungwana ule haukuwa wa gharama kubwa. Maktaba ya filamu iliyojengwa tangu 2006 ni hesabu nyingine, na huenda ndiyo maana Microsoft imechagua kuiacha programu ifanye kazi badala ya kufungua kibubu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, habari hizi zinafika kwa mzunguko. Duka la PlayStation halikufunguliwa rasmi kwa nchi hizi. Mei 2024, gemu ya Sony ya Helldivers 2 ilipozuiwa kuuzwa kwa Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na mtandao wa PlayStation, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo kwenye orodha. Wacheza gemu wa kwetu wanajua la kufanya: akaunti inafunguliwa kwa anwani ya Marekani au Uingereza, kadi ya zawadi inanunuliwa kwa wakala, na maisha yanaendelea. Mwenye akaunti ya namna hiyo yuko chini ya masharti ya nchi ya anwani yake, na leseni zikibadilika huko zinambadilikia na yeye hapa Sinza.

Ila kwa filamu, wengi hawakufika kwenye maduka hayo kabisa. Walikwenda kwa kijana wa muvi, yule wa kwenye kibanda chenye kompyuta moja na spika mbili. Unampa flashi, anaichomeka, anageuza skrini ikuelekee uchague: za Kikorea, za Kihindi, zilizotafsiriwa, msimu mzima wa hiki na nusu ya kile. Anakokota majina kwenye kisanduku cha flashi, mstari wa kijani unatembea, unalipa kwa idadi, unaondoka. Hakuna leseni hapo, na mtengenezaji haoni shilingi, awe wa Hollywood au wa Bongo Muvi. Wasanii wa Tanzania wamelia na wizi huo kwa miaka mingi na wana haki ya kulia. Lakini mteja wa kibanda kile ana faili ambayo hakuna barua pepe kutoka Tokyo itakayoifuta. Inaudhi kidogo kwamba yule aliyelipa kihalali, kwa bei kamili, ndiye mwenye mali dhaifu zaidi kati ya hao wawili.

Lipo duka moja la gemu lililojaribu kuuza kihalali kwa masharti ya flashi. GOG, lililoanzishwa na kampuni ya CD Projekt ya Poland, huuza gemu bila kufuli: ukinunua, unapakua, faili ni yako kuiweka popote. Agosti 2014 lilianza kuuza filamu kwa utaratibu huohuo. Liliziendea studio kubwa za Hollywood likarudi mikono mitupu. Guillaume Rambourg, mmoja wa viongozi wake wakati huo, alisimulia kwamba walioongea nao walikubali kuwa kufuli hizo hazizuii wizi, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuziondoa. Rafu ikaanza na filamu za hali halisi, nyingi zikiwa juu ya gemu na utamaduni wa intaneti, kwa dola 5.99 moja. Hakuna studio kubwa ya Hollywood iliyolifuata.

Watunga sheria wa Marekani wameanza kulisogelea jambo hili kwa upande wa lebo. Septemba 2024 Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria iliyopendekezwa na mbunge Jacqui Irwin, inayokataza duka la mtandaoni kumwambia mteja kwamba ananunua bila kumweleza waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Wenye huduma za usajili haiwahusu, wala wanaouza faili inayoweza kupakuliwa na kutumiwa moja kwa moja bila mtandao, kama GOG. Steam haikusubiri tarehe hiyo. Oktoba 2024 maelezo madogo yalitokea karibu na kitufe cha kulipia. Sheria haimrejeshei mtu filamu iliyozimwa. Inamtaka muuzaji aseme mapema.

Anayesoma haya akiwa na filamu kwenye Xbox ana kazi ya kufanya, na inategemea anaishi wapi. Wa Marekani aunganishe akaunti yake na Movies Anywhere, mpango ulioanzishwa na Disney mwaka 2017 ukizishirikisha Warner, Universal, Sony na Fox. Filamu za studio hizo zilizonunuliwa kwa Microsoft zitajitokeza pia kwa Apple na Amazon, hivyo duka moja likizima zitabaki kwingine. Paramount na Lionsgate hazimo, kwa hiyo filamu zao hazisogei. Vipindi vya televisheni navyo havihusiki. Aliyenunua akiwa London au Berlin hana mpango wa namna hiyo. Filamu zake zitatazamwa kwenye Xbox au Windows kwa muda wote ambao Microsoft itakuwa radhi kuiweka programu yake hewani. Kama anazo alizozipenda kweli, diski za Blu-ray bado zinauzwa, na Xbox Series X ya kawaida ina tundu la kuziingizia. Series S haina, wala PlayStation 5 Pro, ambayo kisomeo chake huuzwa kando.